Kuzamia, kukuza au kutega jarife: galaksi za mwanzo uzitafute wapi?

Picha za darubini ya James Webb si siri. Zimo katika hifadhi iitwayo MAST, inayotunzwa na Space Telescope Science Institute mjini Baltimore, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya wastani anaweza kuzipakua bure. Nyingine hufunguliwa kwa umma mara tu zinapopokelewa. Nyingine hubaki mikononi mwa walioziomba kwa mwaka mmoja, kisha nazo huachiwa. Kwa hiyo anayetaka kuwinda galaksi za kale kabisa, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu au mtu tu aliyenogewa na anga, hakwamishwi na kukosa data. Hukwama kwenye kuchagua. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa za kushika ni tatu.

Ya kwanza nitaiita kuzamia: darubini inakodolea kipande kidogo cha anga kwa saa nyingi mno mpaka vitu hafifu kabisa vianze kujitokeza. Ya pili ni kukuza: unatazama nyuma ya fundo zito la galaksi ambalo uzito wake unapinda mwanga na kufanya kazi ya lenzi. Ya tatu ni kutega jarife: picha nyingi zisizo za kina sana zinapangwa ubavu kwa ubavu juu ya eneo kubwa. Wavuvi wanajua kuwa jarife lina macho makubwa. Dagaa hupita, papa hunasa. Mfano huo unaibeba njia ya tatu vizuri kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu niliyowahi kuyasoma.

Zote tatu zinasimama juu ya hila moja, na asiyeielewa atadanganyika popote atakapokwenda.

Kinachotafutwa ni kitu kisichoonekana

Galaksi tunayoiona kama ilivyokuwa miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu imetuletea mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 13. Katika safari hiyo ulimwengu umekuwa ukitanuka, na mawimbi ya mwanga yakanyooka pamoja nao. Kiasi cha kunyooka huko huitwa mhamo mwekundu, nacho huandikwa kwa herufi z. Ukitaka kujua wimbi limefika kwetu na urefu gani, chukua urefu wake wa mwanzo uuzidishe kwa z ukijumlisha moja.

Sasa, enzi zile anga lilijaa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni hiyo ilimeza mwanga wa urujuanimno wa galaksi karibu wote wenye wimbi fupi kuliko nanomita 121.6. Kwa galaksi yenye z ya 10, ukuta huo unatufikia ukiwa kwenye maikroni 1.34 (maikroni moja ni nanomita 1,000). Kwa z ya 14, uko maikroni 1.82. Ng'ambo ya ukuta kuna mwanga. Upande wa huku ni giza tupu. Hivyo ukiipiga picha galaksi ileile kwa vichujio mbalimbali, kila kimoja kikipitisha mawimbi ya urefu fulani tu, itakuwepo kwenye vichujio vya mawimbi marefu na itatoweka ghafla kwenye vya mawimbi mafupi. Mwindaji wa galaksi za mwanzo hutafuta kutoweka huko, na hukadiria umbali kwa kuangalia kitu kimetoweka kwenye kichujio kipi.

Hapo ndipo swali la kutumia Hubble, darubini ya anga iliyoitangulia Webb, au Webb yenyewe linapojijibu. Kamera ya Hubble ya infraredi, yaani mwanga wa mawimbi marefu kuliko mwekundu, inaishia takriban maikroni 1.7, maana yake ikifika z ya 13 au karibu na hapo haina tena pa kuona upande wenye mwanga. Tatizo si ukubwa wa kioo pekee, ingawa kioo cha Hubble ni mita 2.4 na cha Webb ni mita 6.5. Mwaka 2016 Hubble ilifikia karibu na kikomo chake ilipotangazwa GN-z11, kwa makadirio ya z ya 11.1, Webb ilipoipima upya ikakuta 10.6. Lakini usizitupe picha za Hubble. Galaksi ya mbali kweli haitakiwi kuonekana kabisa kwenye mwanga wa kawaida, na picha za miaka mingi za Hubble ndizo shahidi wa hilo. Mshukiwa wako akionekana pale, hata kwa mbali, mwachilie aende zake.

Kuzamia

Historia ya njia hii inanivutia kuliko zote. Desemba 1995, Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi inayoendesha Hubble, alitumia muda uliotengwa kwa hiari ya mkurugenzi kuielekeza darubini kwenye mahali palipoonekana hapana kitu, siku 10 mfululizo. Wapo wataalamu waliomwonya kwamba atapoteza muda. Picha 342 zikaunganishwa, na mahali pale patupu pakatokea galaksi kama 3,000. Baadaye ikaja picha ya kina zaidi katika kundinyota la Fornax, Hubble Ultra Deep Field, yenye galaksi kama 10,000.

Mradi wa JADES wa Webb umejenga juu ya msingi huohuo. Uwanja wake mmoja, GOODS-South, unaizunguka Ultra Deep Field; wa pili, GOODS-North, uko kule ilikopigwa picha ya 1995. Matokeo yalianza kuja mapema: mwisho wa 2022 ilithibitishwa JADES-GS-z13-0, yenye z ya 13.2. Mei 2024 ikafuata JADES-GS-z14-0, na hii inastahili kusimuliwa polepole kwa sababu inaonyesha nguvu ya kuzamia na namna ya kuifanya kwa uaminifu.

Ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Isitoshe, machoni pa darubini ilikuwa imekaribiana mno na galaksi nyingine ya mbele, kiasi kwamba ilikuwa rahisi kudhani ni kipande cha jirani huyo. Timu haikushangilia. Januari 2024 ikaielekezea NIRSpec, chombo cha Webb cha spektra, yaani cha kutandaza mwanga na kuupima wimbi kwa wimbi, kwa karibu saa 10. Ukuta ukaonekana pale unapotakiwa: z ya 14.32, chini ya miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu, na upana wa zaidi ya miaka 1,600 ya nuru, maana yake mwanga wake mwingi unatoka kwa nyota changa, si kwa shimo jeusi lililo katikati. Mwaka 2025 antena za ALMA, kule jangwa la Atacama nchini Chile, zikanasa mstari wa oksijeni kutoka galaksi hiyohiyo na kuirekebisha z kuwa 14.18. Oksijeni hutengenezwa ndani ya nyota. Kuikuta hapo ni kusema kwamba kizazi kizima cha nyota kilikuwa kimeshazaliwa na kufa.

Faida ya kuzamia, basi, ni utajiri wa ushahidi mahali pamoja: vichujio vingi, picha za Hubble za miongo, spektra nyingi zilizokwishapigwa, na vipimo vya darubini nyingine. Kasoro yake ni udogo. Picha moja ya NIRCam, kamera ya Webb, inafunika takriban dakika 10 za tao za mraba, kama sehemu moja ya sabini ya uso wa mwezi mpevu. Hata ukiunganisha kadhaa, bado umechungulia kwenye tundu. Galaksi hazikumwagwa sawasawa angani; zimekaa kwa makundi na mapengo. Ukizamia kwenye kundi utadhani ulimwengu wote ulikuwa na shamrashamra, na ukizamia kwenye pengo utadhani ulikuwa umelala.

Kukuza

Abell 2744 ni fundo la galaksi lililo takriban miaka bilioni 4 ya nuru kutoka kwetu, na wengi hulijua kwa jina la Pandora. Uzito wake, ambao sehemu kubwa ni maada nyeusi, unapinda mwanga unaopita kando yake. Galaksi hafifu iliyo nyuma yake inaweza kutufikia iking'aa mara kadhaa kuliko haki yake, bila Webb kuongezewa hata sentimita moja ya kioo. Mradi wa UNCOVER ulipita hapo ukathibitisha kwa spektra galaksi zenye z ya 13.08 na 12.39. Baadaye fundo hilohilo likapigwa picha kwa vichujio 20 vya NIRCam, vipana na vya wastani, na sehemu nyingi za anga hazina bahati hiyo.

Lenzi hufanya jambo jingine ambalo kuzamia hakuwezi: huonyesha vilivyomo ndani. Mwaka 2024 Webb iliangalia utepe mwembamba wa mwanga uliopindwa, unaoitwa Cosmic Gems, na ndani yake ikatenganisha mafundo matano ya nyota kama yalivyokuwa miaka milioni 460 baada ya Mlipuko Mkuu. Bila lenzi hilo lingekuwa doa moja tu. Kama swali lako ni jinsi nyota za kwanza zilivyojikusanya, sioni sababu ya kwenda kwingine.

Kisha kuna zawadi ambayo wanaoanza huipuuza. Lenzi hizi wakati mwingine hutoa picha mbili au tatu za kitu kilekile, na nafasi kati ya picha hizo hutegemea umbali wa kitu chenyewe. Galaksi MACS0647-JD, iliyotangazwa na timu ya Hubble mwaka 2012, ilionekana mara tatu. Jiometri peke yake ilikuwa imeshawaambia kwamba kitu hicho kiko mbali sana, kabla ya spektra yoyote; Webb ilipokuja ikakuta z ya 10.17. Ni ushahidi usiotegemea rangi hata kidogo, na mwenye ushahidi wa aina mbili halali na wasiwasi.

Lakini lenzi hailipwi kwa mkopo. Unapokuza, unapunguza eneo. Mahali ambapo mwanga unakuzwa mara 10, eneo halisi la anga unaloliona nyuma ya lenzi ni moja ya kumi tu ya unavyodhani. Umepata kina, umepoteza upana, na ukisahau kupiga hesabu hiyo utatangaza idadi ya galaksi isiyo na mguu wala kichwa. Tena kiasi cha ukuzaji hakipimwi moja kwa moja. Hutokana na ramani ya uzito wa fundo, na ramani ni kazi ya watu na makisio yao. Karibu na mistari ya ukuzaji mkubwa, ramani mbili zinaweza kutofautiana sana. Na galaksi za fundo zenyewe, pamoja na nyota zinazoelea katikati yao, hutandaza ukungu wa mwanga unaofunika vitu hafifu uliokuja kuvitafuta.

Kutega jarife

COSMOS-Web ilitumia saa 255 za Webb kufunika nyuzi za mraba 0.54. Ni kama mara mbili na nusu ya uso wa mwezi mpevu, au mara 200 ya picha moja ya NIRCam. Kwa eneo hilo ililipa kwa vichujio: NIRCam ilitumia vinne tu. CEERS, iliyokuwa miongoni mwa miradi ya kwanza, ilikaa katikati, kwa takriban dakika 100 za tao za mraba na vichujio zaidi.

Jarife linafaa kwa sababu ya hesabu ya asili: galaksi hafifu ni nyingi, zinazong'aa ni adimu. Ukitaka moja iliyo adimu huna budi kupitia eneo kubwa. Na inayong'aa ndiyo unayoweza kuipigia spektra bila kuomba siku nzima ya darubini. Haikuwa ajabu, basi, kwamba galaksi iliyoipita JADES-GS-z14-0, iitwayo MoM-z14, ilipotangazwa mwaka 2025 ilitoka katika uwanja mpana wa COSMOS: z ya 14.44, miaka milioni 280 baada ya Mlipuko Mkuu. Waliozoea kudhani kwamba cha mbali zaidi lazima kiwe hafifu zaidi walipata la kufikiria.

Hatari ya jarife ni takataka. Kila kichujio unachopunguza ni swali moja ambalo hutaweza kumwuliza mshukiwa wako. Nyota vibete vya kahawia vilivyo ndani ya galaksi yetu wenyewe vinaweza kuiga rangi za galaksi ya mbali. Galaksi ya karibu iliyojaa vumbi nayo pia. Mfano unaouma zaidi ulitoka CEERS: kitu kilichopewa jina CEERS-93316 kilikadiriwa mwaka 2022 kuwa na z ya 16 na zaidi, chini ya miaka milioni 250 baada ya Mlipuko Mkuu. Mwaka uliofuata spektra yake ikatoka. z yake ni 4.9. Ilikuwa galaksi yenye vumbi na mistari mikali ya oksijeni na haidrojeni, na kwa bahati mbaya mistari hiyo iliangukia kwenye vichujio vilevile kwa namna iliyoiga ukuta. Walioikadiria hawakuwa wazembe. Vichujio vilisema walichosema. Ndiyo maana mimi ninapoona orodha ya washukiwa wa z ya 15 na kuendelea, huangalia kwanza ni vichujio vingapi vilitumika, ndipo niangalie z.

Darubini za anga Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na Roman, ambayo kioo chake ni sawa na cha Hubble lakini uga wake ni angalau mara 100 ya ule wa Hubble, ni majarife makubwa zaidi. Kwa z ya 14 na kuendelea hayatachukua nafasi ya Webb, maana infraredi yao haifiki mbali kama ya Webb. Kwa zile za z ya 8 au 9 zinazong'aa, hapo patakuwa na mavuno.

Picha kwanza au spektra kwanza?

Kuna uchaguzi wa pili unaokata katikati ya njia zote tatu. Picha zinakupa makadirio ya z kwa maelfu ya galaksi kwa mkupuo; spektra inakupa z ya kweli kwa chache. NIRSpec ina vidirisha vidogo karibu robo milioni vinavyoweza kufunguliwa na kufungwa kimoja kimoja, hivyo inaweza kupima galaksi nyingi kwa pamoja. Ila lazima uiambie ifungue vidirisha gani, na hilo hutoka kwenye picha. Kwa mwenye kuomba muda wa darubini, basi, mpangilio ni picha kisha spektra, hakuna njia ya mkato.

Kwa mwenye kutumia data za wengine nashauri kinyume chake. Cosmic Dawn Center ya Copenhagen ina hifadhi iitwayo DAWN JWST Archive, yenye maelfu ya spektra za Webb zilizokwishasafishwa. Anza huko. Chagua galaksi kumi ambazo z yake imethibitishwa, uzirudie kwenye picha, uone jinsi ukuta unavyoonekana kwenye vichujio unapokuwa wa kweli. Kisha chagua kumi zilizodhaniwa kuwa za mbali zikaumbuka. Jicho hujifunza haraka kutoka kwa waliokosea.

Sasa chagua

Anayetaka kuhesabu, yaani kujua galaksi zilikuwa ngapi katika enzi fulani, hawezi kukwepa kuchanganya: kuzamia kwa ajili ya hafifu, jarife kwa ajili ya zinazong'aa. Ukitumia moja peke yake, jedwali lako litakuwa na upande mmoja tu. Anayetaka kuona ndani ya galaksi, au zile ndogo kabisa ambazo bila msaada haziwezi kuonekana, aende kwenye lenzi, na atenge muda wa kujifunza ramani za uzito. Nusu ya kazi yake itakuwa huko. Anayewania ya mbali kuliko zote, au anayetaka kuandaa orodha ya galaksi za kupigiwa spektra, atege jarife, na awe na subira ya kutupa washukiwa tisa kati ya kumi bila kinyongo.

Kwa anayeanza, mimi nasema kuzamia, na nasema GOODS-South. Si kwa sababu ndiko kuliko na rekodi, maana rekodi zinahamahama. Ni kwa sababu ukikosea huko, kuna data za kutosha za kukuonyesha umekosea wapi. Kwenye lenzi unaweza kukosea ramani na usijue. Kwenye jarife unaweza kukosea kwa kukosa kichujio kimoja, na hakuna wa kukusahihisha mpaka mtu apige spektra.

Jaribu na JADES-GS-z14-0 yenyewe. Tafuta mahali pake kwenye picha za JADES, ufungue kichujio cha F150W (namba ni urefu wa wimbi: 150 ni takriban maikroni 1.5). Utamwona jirani wa mbele, na pembeni yake hakuna kitu. Fungua F200W, ambacho kinaanza kabla ya ukuta na kuishia baada yake: pembeni kunaanza kuonekana kitu hafifu. Fungua F277W, na hapo ipo.